Kuwavuta wanafunzi wa uuguzi kwenye masomo ya kimataifa bila kuondoka Unguja

Mwanafunzi anayetoka zamu ya usiku Hospitali ya Mnazi Mmoja havutwi na neno "kimataifa". Anauliza: nitapata nini, na bando langu litaliwa kiasi gani? Mjibu hayo kwanza.

Anza na kazi moja ya wiki 4 mtandaoni, kikundi cha watu 6, nusu wa hapa na nusu wa ng'ambo. Wape mgonjwa wa kubuni mwenye kisukari anayetaka kufunga Ramadhani. Kila upande upange huduma yake, kisha walinganishe. Hapo wetu hugundua kuwa nao wana la kufundisha, na hilo huwavuta kuliko cheti. Kinachowanyamazisha wengi ni hofu ya Kiingereza, si uvivu. Basi waandike hoja siku 2 kabla ya kikao, na kikao cha kwanza kiwe cha kujuana tu.

Saa nazo huharibu mambo. Tuseme wenzenu wako Finland: huwa sawa nasi wakati wa kiangazi chao, lakini majira ya baridi hubaki nyuma saa moja. Andika saa za pande zote mbili. Saa nane mchana yetu, wao huiandika 14:00 wakati wa kiangazi na 13:00 majira ya baridi. Epuka Ijumaa mchana. Baada ya salamu, kamera zizimwe kuokoa bando. Alama ziingie kwenye somo, la sivyo wataanza kupungua mitihani ikikaribia.