Kabla Hujampunguza Unene Sungura Wako

Sungura mnene anapendeza, sibishi. Anakaa kama mto, harukiruki ovyo, kila mgeni anataka kumpakata. Wangu, Pamba, nilimsifia unene miezi mingi, hadi siku nilipomgeuza nikakuta manyoya ya nyuma yamegandana kwa kinyesi. Sungura ana kinyesi cha aina mbili. Kuna zile punje kavu unazozizoa, na kuna kile laini kinachotoka kama kishada, ambacho hukila palepale kinapotoka ili apate virutubisho vilivyompita mara ya kwanza. Aliyenenepa hafikishi mdomo huko. Kinabaki, kinaoza, nzi wanataga, na funza wanaweza kuanza kumla angali hai. Kwa hiyo ukiamua kumpunguza umefanya vyema, ila usianze leo jioni.

Hakikisha kwanza ni mnene kweli. Manyoya hudanganya, tumia vidole. Vipitishe ubavuni taratibu: mbavu unatakiwa kuzigusa zikiwa na kifuniko chembamba cha nyama. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amezidi. Jike akiwa na mkunjo wa ngozi chini ya kidevu usishtuke, majike wengi wanao. Sungura anayekua hapunguzwi, na mwenye mimba au anayenyonyesha hapunguzwi.

Tafuta mizani. Mpime mara moja kwa juma, siku ileile, saa ileile, uandike. Usinambie utakumbuka.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo akaguliwe meno. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Kinachoyasaga ni kutafuna nyasi. Yakikua kombo, magego hutoa ncha zinazochana ulimi na mashavu, naye huchagua vyakula laini tu. Wewe utasema anadeka, kumbe anaumwa.

Kisha andika kila kinachoingia mdomoni mwake kwa siku saba. Kila kitu, na kila mtu wa nyumbani aandike. Kwetu iligundulika kwamba mmoja alikuwa anampa ndizi asubuhi, mwingine biskuti mchana, na mimi kila usiku namjazia bakuli la pelleti, vile vidonge vya chakula kikavu cha dukani, bila kujua kama lile la asubuhi lilikuwa limekwisha. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayempenda.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Kabla hujagusa pelleti, hakikisha anakula nyasi kavu. Nimesema anakula. Kuwa nazo ni jambo jingine.

Baada ya kuona yale manyoya nilikasirika, nikaapa kwamba kuanzia jioni hiyo hakuna pelleti tena. Nilijua kwamba chakula kikuu cha sungura ni nyasi, na nyasi zilikuwepo, fungu kubwa safi pembeni mwa banda. Asubuhi yake Pamba alikuwa amejikunyata, macho nusu. Nikajisemea amenuna, atazoea. Nikamnyima hata kipande cha jani ili asinishinde kwa deko. Jioni nikaenda kusafisha sanduku lake la choo nikakuta safi kabisa, na aibu ninayoibeba hadi leo ni kwamba nilifurahi. Nilidhani nimepumzishwa kazi.

Siku ya pili hakusogea nilipomwita. Masikio yalikuwa ya baridi, na alikuwa akisaga meno kwa sauti, ambayo kwa sungura ni kilio cha maumivu. Daktari aliniuliza, "Nyasi anakula?" Nikajibu, "Zipo." Akarudia swali lilelile, polepole zaidi.

Alinieleza nilichokifanya. Utumbo wa sungura unaendeshwa na nyuzinyuzi za nyasi, na haupaswi kukaa bila chakula. Ukisimama, gesi hujaa, maumivu humzidi, naye kwa maumivu hayo huzidi kukataa kula. Hana hata nafuu ya kutapika, kwani sungura hawezi. Kwa mnene hatari ni mara mbili: akikosa chakula mwili hukimbilia akiba ya mafuta, mafuta hufurika kwenye ini, na ini likishindwa unaweza kumpoteza katika muda wa siku chache. Maana yake, yule ambaye ungedhani ana akiba ya kutosha kuvumilia njaa ndiye asiyestahimili.

Tulimlisha uji wa unga wa nyasi kwa bomba la sindano, mchana na usiku, huku akipewa dawa ya maumivu. Nilipoona punje ya kwanza ya kinyesi, ndogo na nyeusi kama mbegu ya pilipili manga, nilimwita kila mtu nyumbani aje aione. Alipona. Ningechelewa siku moja tu, nadhani ningekuwa nasimulia mengine.

Kwa hiyo shika hili: asipokula, au asipotoa kinyesi, kwa saa 12, usingoje kupambazuke. Hiyo ni dharura.

Namna sahihi inachosha kwa uvivu wake. Punguza pelleti kidogo kidogo kwa majuma matatu au manne, na usishuke ngazi inayofuata mpaka uone fungu la nyasi limepungua na punje za kinyesi zimekuwa kubwa, za mviringo, zenye vipande vya majani ndani ukizipasua. Akizikataa nyasi, badilisha aina. Zijaze ndani ya boksi la karatasi, zichanganye na majani ya giligilani, zitundike juu ya sanduku lake la choo, maana sungura hupenda kutafuna akiwa hapo. Fungu la kila siku liwe kubwa angalau kama mwili wake, na lisiishe.

Ukifika mwisho, pelleti kwa sungura mzima ni takriban gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na kwa anayepunguzwa daktari anaweza kushusha zaidi. Pima kwa mizani ileile. "Kiganja kimoja" cha mtu mzima na cha mtoto ni vitu viwili tofauti. Kilo ihesabiwe kwa uzito anaotakiwa kuwa nao, si huu wa sasa. Lusini, yaani alfalfa, jani la malisho la jamii ya kunde, iache kwa wachanga wa chini ya miezi sita hivi. Ina protini na kalisi nyingi mno kwa sungura mzima.

Majani mabichi mpe kila siku, ya aina mbalimbali, yaliyooshwa. Jipya liingize moja moja, umwangalie kinyesi.

Karoti. Najua, picha zote zinamwonyesha na karoti. Ni mzizi wenye sukari, mpe kipande mara mojamoja. Majani yake ndiyo chakula. Matunda vivyo hivyo, kijiko cha chai kinatosha. Mkate, biskuti, mahindi, viazi, maharage, hapana. Parachichi, vitunguu na chokoleti ni sumu kwake, hapo hakuna "kidogo".

Maji yawepo muda wote, kwenye bakuli zito, kwani wengi hunywa vizuri zaidi kwa bakuli kuliko kwa chupa ya kuning'iniza.

Mtoe bandani kila siku, kwa muda wa saa tatu au nne na zaidi. Usimkimbize ili apungue, utamtia hofu bure. Tawanya pelleti zake sakafuni azitafute mwenyewe. Kama miguu imeanza vidonda nyayoni, mtandikie kitu laini kwanza.

Uzito ushuke polepole. Ukishuka ghafla, rudi kwa daktari. Usipomwona anakula, rudi. Ukisafiri, mwachie atakayebaki karatasi yenye vipimo, na umweleze kwa mdomo pia, na umwambie sanduku la choo likiwa safi akupigie simu.