Jinsi ya Kutambua Nyota Imefikia Hatua Gani ya Maisha Yake

Anza na uzito, kwa kuwa ndio unaoamua karibu kila kitu: nguvu ya mvutano huikandamiza nyota, na joto la kiini, ambalo katika Jua hufikia nyuzi milioni 15 hivi za Selsiasi, huizuia isiporomoke huku haidrojeni ikiungana kuwa heli. Kisha tazama rangi. Betelgeuse, nyota kubwa katika kundi la Orioni iliyokwisha kumaliza haidrojeni ya kiini chake, imevimba na kuwa nyekundu. Lakini rangi peke yake haitoshi, maana nyota ndogo huwa nyekundu tangu ujanani, hivyo ilinganishe na mng'ao halisi, yaani mwanga ambao nyota yenyewe hutoa, si jinsi inavyoonekana kwetu. Wala usidhani nyota nzito hudumu zaidi: huteketeza akiba yake kwa miaka milioni kadhaa tu, ilhali maisha yote ya Jua, tangu kuzaliwa kwake, ni takribani miaka bilioni 10.