Unasoma nini saa hizi? Namna ya kujibu bila kumharibia mwenzio

Ukiulizwa unasoma nini, usitaje jina la kitabu afu ukanyamaza, na usianze kusimulia kuanzia ukurasa wa kwanza. Sisi watu wa saifai (hadithi za sayansi ya kubuni) na fantasia (hadithi za uchawi na dunia za kubuni) ndo tunaongoza kwa hilo la pili, maana kitabu kina ramani, kina falme kumi na mbili, kina historia ya miaka elfu tatu, na mtu anataka akumwagie yote kwa pumzi moja, ukifika ufalme wa tatu msikilizaji keshashika simu yake.

Anza na ulipofikia. "Niko robo", "nimebakiza sura mbili", inatosha. Mtu aliye robo akisema kitabu kinaboa tunamwelewa kivyake, maana hizi fantasia nene nyingi zinachelewa kuchanganya, ila aliyemaliza akisema kinaboa hapo ni kesi nyingine. Kama ni siriizi taja juzuu. The Wheel of Time ina juzuu 14 bila kuhesabu kile cha utangulizi, zimetoka kati ya 1990 na 2013, na mwandishi Robert Jordan alifariki 2007 kwahiyo tatu za mwisho zimemaliziwa na Brandon Sanderson, sasa wewe ukiniambia tu "naisoma Wheel of Time" mimi najuaje uko wapi humo?

Afu taja toleo, wengi wanaliruka hili. Chukua The Three-Body Problem, riwaya ya saifai ya Mchina Liu Cixin, kwenye kitabu cha Kichina cha 2008 zile sura za Mapinduzi ya Utamaduni (vurugu za kisiasa za China enzi za Mao) ziko ndani huko, tafsiri ya Kiingereza ya 2014 ikazirudisha mwanzoni. Yani watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu "ule mwanzo wake" na kila mmoja anazungumzia mwanzo tofauti.

Ukishasema uko wapi, toa picha moja, sababu yake baki nayo. Chukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (ndio, mimi naihesabu fantasia, bisheni). Ukisema "kuna liwali anaheshimika kweli, lakini kila usiku anawachapa manyani wawili" umemaliza kazi. Mtu atauliza kwanini, na wewe hapo hapo ndo unafunga mdomo, ukieleza manyani ni kina nani basi umemwaga mchele kwenye kuku wengi.

Na spoila, yani kumfichulia mtu mambo ambayo hajayafikia, sio lazima useme nani kafa. Hapa ndo watu wazuri kabisa wanakosea, mimi mwenyewe nimo. Niliwahi kumwambia rafiki yangu, alikuwa juzuu ya kwanza ya siriizi fulani, "yule mzee nampenda, anazidi kuwa mtamu kila kitabu". Nikaona nimesifia tu. Kumbe juzuu ile ile kuna sehemu mzee anaachwa darajani na jeshi linakuja, msomaji anatakiwa roho imtoke, yeye akaisoma anakula karanga kwasababu nishamwambia mzee yupo mbele huko. Alininunia wiki nzima na alikuwa na haki. Kwahiyo "subiri ufike sura ya 18" ni spoila, "usimzoee huyo" ni spoila mbaya zaidi, na hata "mwisho hutauamini" inamfanya mtu asome kitabu kizima anawinda mtego badala ya kusoma. Ukishindwa kabisa kujizuia, tanguliza onyo na juzuu na sura, afu ruka mistari kadhaa tupu ndo uandike.

Kuacha kitabu nako ni jibu, wala usione aibu. Ila sema kilichokushinda. "Nimeishia ukurasa wa 90, kila mtu ana majina matatu na mengine yana apostrofi katikati" inasaidia, maana kuna mwingine akisikia hivyo ndo anakikimbilia.

Maliza na swali ambalo mtu anaweza kulijibu, sio "mnaonaje".

Mimi saa hizi: Frankenstein ya Mary Shelley, toleo la 1818, sio lile alilolirekebisha 1831. Bado niko kwenye zile barua za mwanzo, kapteni anamwandikia dada yake, meli imezungukwa na barafu pande zote na kwa mbali kapita mtu mkubwa kupita kiasi kwenye sleji inayovutwa na mbwa. Barua zinaenda taratibu sana aisee. Mliomaliza, hii sauti ya kapteni inaendelea hivi hivi mpaka mwisho? Jibuni ndio au hapana tu, msiongeze neno.