Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kusafiri kwenda Kisiwa cha Réunion

Mtu wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam akitajiwa kisiwa cha Bahari ya Hindi, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye ufukwe wa mchanga mweupe na nguo nyepesi. Réunion, kisiwa chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,500 kilichoko mashariki mwa Madagaska, hakiko hivyo. Fukwe zake ni chache, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni milima, mabonde yaliyozingirwa na kuta za miamba, na volkano ambayo hulipuka mara kwa mara hadi leo. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1946 kisiwa hicho ni mkoa wa Ufaransa, kwa hiyo taratibu za kuingia, sarafu na bei za madukani ni za Ulaya. Msafiri aliyeyajua mambo hayo mawili mapema, sheria za Ufaransa na tabia ya milima, ameshajua pa kuanzia.

Jambo la kwanza ni viza, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Réunion ni sehemu ya Ufaransa na ya Umoja wa Ulaya, lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja. Hivyo, raia wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo asidhani kwamba viza ya Schengen iliyotolewa kwa safari ya Paris au Berlin itamfikisha huko. Anapaswa kuwaomba maofisa wa ubalozi wa Ufaransa viza inayoonyesha wazi kuwa inatumika Réunion. Anayepitia Paris, na hasa anayelazimika kuhama kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine, aulize pia kuhusu ruhusa ya kuingia Ufaransa bara, kwa kuwa hizo ni ruhusa mbili tofauti. Njia ya kupitia Mauritius ni fupi zaidi kwa watu wa Afrika Mashariki, ila nayo ina masharti yake ya kupita. Maombi yaanze miezi kadhaa kabla ya safari, yakiambatana na tiketi ya kurudi, uthibitisho wa malazi na bima ya matibabu. Bima hiyo isomwe kwa makini ili kuhakikisha kwamba inagharamia pia ajali za milimani, maana zipo zinazowatenga wapanda milima kwa sentensi moja iliyofichwa kurasa za mwisho.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kibebwe pamoja na pasipoti, kwa kuwa hudaiwa kwa wasafiri wanaotoka katika nchi zenye ugonjwa huo. Malaria haienei kisiwani, lakini hilo lisimfanye mtu aache dawa ya kufukuza mbu. Chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika katika nchi ya Wamakonde, uliwapata zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa Réunion katika mlipuko wa 2005 na 2006, kisha ukarudi kwa nguvu mwaka 2025. Homa ya dengue nayo ipo. Mbu wanaoeneza magonjwa haya huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Panahitajika mikono mirefu na dawa ya kupaka tangu asubuhi.

Kuchagua majira kunahitaji uangalifu kuliko kuchagua hoteli. Miezi ya Mei hadi Oktoba ni mikavu na yenye ubaridi wa wastani, na ndiyo ninayoipendekeza bila kusita kwa anayetaka kutembea milimani. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga, na hatari huwa kubwa zaidi kati ya Januari na Machi. Mvua ya huko si ya kawaida: Januari 1966, kimbunga Denise kilipopita, mahali paitwapo Foc-Foc palipata milimita 1,825 za mvua kwa saa 24 tu. Kimbunga Belal cha Januari 2024 na Garance cha Februari 2025 vimeonyesha kwamba habari hizi si za zamani. Ikiwa hakuna budi kusafiri katika miezi hiyo, msafiri ajifunze ngazi za tahadhari kabla ya kuondoka nyumbani. Rangi ya manjano maana yake ni kwamba kimbunga kinaweza kufika ndani ya siku chache, na huo ndio wakati wa kununua maji, chakula kisichohitaji kupikwa, tochi na betri. Rangi ya chungwa huja hatari inapokuwa ndani ya saa 24, na shule hufungwa. Ikitangazwa nyekundu, hakuna ruhusa ya kutoka nje, hata kwa mgeni mwenye gari na haraka zake, na safari za ndege husimama. Kwa sababu hiyo, tiketi inayoruhusu kubadilishwa tarehe ina thamani kuliko ile ya bei ya chini kabisa, na pesa za siku mbili au tatu za ziada ziwekwe kando.

Hata bila kimbunga, mito hufurika ghafla kwa mvua iliyonyesha juu milimani wakati pwani jua linawaka. Barabara nyingi huvuka mito kwa drifti za zege, na kujaribu kupita maji yakiwa juu yake kumeua watu. Anayekusudia kukodi gari azingatie pia kwamba magari huendeshwa upande wa kulia. Watu wa Kongo, Rwanda na Burundi wamezoea hivyo, lakini waliojifunza udereva Kenya, Uganda au Tanzania wanahitaji muda wa kuzoea kabla ya kuingia barabara ya kwenda mji wa milimani wa Cilaos, yenye kona mamia kadhaa zinazozunguka kando ya magenge.

Milimani, baridi ndiyo inayowashangaza wageni. Mlima Piton des Neiges una urefu wa zaidi ya mita 3,000, na usiku wa Julai karibu na kilele joto huweza kushuka hadi nyuzi sifuri. Koti zito, soksi za sufu, koti la mvua na viatu vyenye soli imara si anasa. Mawingu hufunika vilele kabla ya adhuhuri siku nyingi, kwa hiyo safari ianze alfajiri. Bonde la Mafate, lililokuwa maficho ya watumwa waliotoroka mashamba, halina barabara hadi leo: hufikiwa kwa miguu au kwa helikopta. Malazi yake huwekwa nafasi mapema, na noti za euro zibebwe za kutosha kwa kuwa hakuna mashine ya kutolea pesa. Kuhusu volkano ya Piton de la Fournaise, eneo la ndani ya kuta zake hufungwa mara dalili za mlipuko zinapoonekana, na anayevuka kizuizi hicho anahatarisha pia maisha ya waokoaji.

Baharini, tahadhari ni papa. Baada ya mashambulizi yaliyoanza kuongezeka mwaka 2011, serikali ilipiga marufuku mwaka 2013 kuogelea na kuteleza mawimbini nje ya maji yaliyokingwa na mwamba wa matumbawe na sehemu zenye walinzi. Fukwe za L'Ermitage na La Saline ni salama kwa familia, ilimradi watoto wasikaribie milango ya mwamba ambako mkondo huvuta kwa nguvu kuelekea nje.

Mengine ni mepesi. Umeme ni volti 230, lakini plagi ni za mviringo za Kifaransa, kwa hiyo adapta inahitajika. Saa ya huko imetangulia ya Nairobi kwa saa moja. Kifaransa cha salamu na cha dukani kijifunzwe, kwa kuwa Kiingereza hakiendi mbali, na wenyeji, wanaozungumza Krioli nyumbani, husalimia kabla ya lolote. Waislamu hawatapata shida ya chakula halali. Mji mkuu, Saint-Denis, una msikiti wa Noor-e-Islam uliojengwa mwaka 1905. Maduka mengi hufungwa mchana na Jumapili alasiri, na vilevile tarehe 20 Desemba, siku ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1848, ambao ulileta kisiwani watu wengi kutoka pwani yetu. Nambari ya dharura ni 112, na ihifadhiwe kwenye simu kabla ya kupanda ndege.