Bawa linalala, injini inatetema: kuiweka sawa ndege uliyojiundia ukiwa hapa Mombasa

Ndege imeshapaa, majaribio ya mwanzo yamekwenda salama, sasa ndo unaanza kuona vile vitu vidogo. Ukiachia stiki inalalia kushoto, kigololi (kile cha kwenye dashibodi kinachoonyesha kama ndege inakwenda upande) hakikai katikati, ukirudisha injini chini dashibodi yote inatetema. Hapo ndo watu wengi wanashika koleo wanaanza kukunja kitu. Ngoja kwanza. Haya mambo yana mpangilio wake na ukianzia mwisho utakuwa unarekebisha kosa kwa kosa lingine.

Jambo la kwanza, pima asubuhi mapema kabla upepo wa baharini haujaanza, manake huku kwetu ikifika saa nne tano hewa imeshachafuka na hutajua ni bawa lina shida ama ni upepo unakusukuma. Hakikisha mafuta yako sawa tangi zote mbili. Na kama viti viko ubavu kwa ubavu na wewe umekaa peke yako kushoto, bila shaka kushoto kutakuwa kuzito, hio si shida ya ndege. Weka mzigo upande wa pili, ufunge vizuri, ndo upime. Chukua daftari, andika kila kitu, halafu badilisha kitu KIMOJA tu kwa kila mruko. Soma pia masharti ya kibali chako cha KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya), kama yanataka injinia mwenye leseni atie sahihi kwa kazi hio, mwite kabla hujafungua bolti hata moja.

Sasa anza na kigololi, si bawa. Ndege ikienda upande upande bawa moja litalala lenyewe, kwa hivo ukitengeneza mkia mara nyingi nusu ya shida ya bawa inaondoka. Ruka sawasawa kwa nguvu ya safari, miguu uiache. Kigololi kikienda kulia, usukani wa mkia unataka kwenda kulia, kwa hivo kile kibati cha nyuma yake unakikunja kushoto, hewa inakipiga na kuusukuma usukani upande wa pili. Kama hujaweka kibati usikimbilie kupiga riveti, chonga kabari ndogo ya mbao, ibandike kwa tepu kali upande wa kushoto wa usukani kule mwisho kabisa, ruka, ipunguze ama iongeze mpaka kigololi kitulie, ndo utajua kibati cha kudumu kiwe cha ukubwa gani. Ukiwa unapanda kwa nguvu zote bado utakanyaga mguu mmoja, hio ni kawaida, usijaribu kuimaliza.

Bawa likiwa bado zito, angalia flapu (zile bati za nyuma ya bawa zinazoshushwa wakati wa kutua) kabla ya kitu kingine. Teremka chini na futi ya kupimia, ukikuta moja imeshuka milimita chache kuliko mwenzake, isawazishe, huenda hapo umemaliza kazi. Flapu zikiwa sawa ndo uende kwenye eileroni, zile za mwisho wa bawa zinazolaza ndege kushoto na kulia: kushoto kuzito, kibati cha eileroni ya kushoto kikunjwe juu, kidogo sana.

Injini nayo. Wengi wetu tunatumia Rotax 912, ina kabureta mbili za Bing, kila moja inalisha silinda mbili, na zikivuta tofauti basi silinda za upande mmoja zinafanya kazi kuliko za upande wa pili, ndo ule mtetemo. Funga mkia kwa kamba, weka vizuizi kwenye magurudumu, mtu unayemwamini akae ndani na mguu kwenye breki, na wewe ukae mbali na propela muda wote, usijisahau hata sekunde. Kabla ya kuwasha, vuta throtoli polepole uangalie mikono yote miwili ya kabureta inaondoka pamoja. Kagua kebo pia zisiwe zimechanika, manake springi za Bing zinavuta kufungua, kebo ikikatika upande huo unakwenda nguvu zote. Injini ikishapata moto izime, chomoa paipu inayounganisha pande mbili, unga geji za vakyumu, washa, na karibu na raundi 2,500 kwa dakika rekebisha kebo ya upande mmoja mpaka sindano zisome sawa. Aidoli, yaani mzunguko wa injini ukiachia throtoli, usiiweke chini ya raundi 1,400, inapiga giaboksi. Rudisha paipu uibane vizuri, ikivuja hewa mtetemo unarudi.

Mtetemo ukibaki na unasikia harufu ya petroli, fungua bakuli la kabureta upime uzito wa vielea, vile vinavyoelea juu ya mafuta. Viwili pamoja vikizidi gramu 7 vimekunywa mafuta, tupa. Mwisho jaribu saketi mbili za kuwasha cheche za plagi kwa raundi 4,000: ukizima saketi moja injini isishuke zaidi ya raundi 300, na tofauti kati ya saketi mbili isizidi 115.

Sindano za geji kwenye dashibodi zikiruka ruka bila sababu, shuku chumvi. Hewa yetu inakula alumini, utaona unga mweupe hasa palipokutana na bolti ya chuma, na waya za athi (zile zinazofungwa kwenye mwili wa ndege) ndo zinaanza kufa. Fungua, piga msasa mpaka ing'ae, kaza, paka grisi. Spidi ikisoma uongo, angalia nyigu kwenye kile kibomba cha mbele kinachopima hewa kwa ajili ya spidi, huku wanajenga haraka sana. Lakini usipulize ndani na mdomo wala kompresa kabla hujachomoa geji, utaiua papo hapo.

Na ukigusa kebo yoyote ya kuongozea ndege, weka nati mpya ya kujifunga, waya ya usalama, halafu mwite mtu mwingine ambaye hakushika kazi hio akae nje aangalie na wewe ukiwa ndani: ukipeleka stiki kulia, eileroni ya kulia ipande. Akikwambia kwa sauti imepanda, endelea na kushoto, halafu mbele na nyuma.