JLPT: usilisahau sikio, na usitafsiri saa

Kama unajiandaa na JLPT (mtihani wa kimataifa wa lugha ya Kijapani) ya Desemba, ngazi ya N4, ya pili kutoka chini, usimalizie nguvu zote kwenye kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina. Kufaulu ni alama 90 kati ya 180, lakini sehemu ya kusikiliza ina kiwango chake: 19 kati ya 60. Ukipata 18 hapo umefeli, hata jumla yako ikifika 120. Na sauti wanaicheza mara moja tu.

Mimi kilichonisumbua ni saa. Mjapani akisema shichiji, yaani saba, kwetu hiyo ni saa moja. Kichwa kikianza kugeuza, sentensi mbili zimeshapita. Nikaamua kila nikitazama simu naitaja saa kwa Kijapani, kwa sauti (konda wa daladala alinitolea macho). Kwenye mtihani usigeuze chochote: andika 7 pembeni mwa kijitabu cha maswali, endelea kusikiliza.

Halafu ukisikia yappari (kama kusema "hapana, afadhali..."), kaa chonjo. Mara nyingi msemaji anabadili mawazo, na jibu ulilokwisha kulichagua si lenyewe tena.

Penseli za HB beba mbili, na kifutio.