Pasi mbili, pembe nyingi: jinsi ya kumpita anayekukaba katika ultimeti

Wanaoanza ultimeti, mchezo wa timu mbili wa kupasiana frisbi (kisahani cha plastiki), hukimbilia nyundo, ile pasi ya juu ya kichwa ambayo frisbi huruka ikiwa imepinduka. Nami nilikimbilia huko, nikapoteza miezi. Upepo wa kusi ukivuma ufukweni, nyundo zangu zilitua baharini. Anza na bekihendi (pasi ya kuvuka mwili, mgongo wa mkono ukitangulia) na fohendi (pasi ya upande wa mkono wenyewe, kiganja kikitangulia), uzirushe kutoka kila kimo na kila mwinamo.

1. Tafuta frisbi ya gramu 175. Za kuchezea watoto ni nyepesi mno, upepo unazipeleka unakotaka wenyewe.

2. Kamata vizuri. Bekihendi: gumba juu, vidole vinne vimekunjwa chini ya ukingo. Fohendi: kidole cha kati kibane ukingo kwa ndani, cha shahada kiwe kando yake, gumba lishikilie juu.

3. Zungusha kwanza, nguvu baadaye. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pote. Simama mita tano kutoka kwa mwenzako, bana kiwiko ubavuni, rusha fohendi kwa kifundo cha mkono peke yake, kama unayekung'uta maji vidoleni. Kiwiko kikikukimbia, kifunge kwa leso. Watu watacheka, lakini utaelewa. Frisbi inayoyumba haijazunguka vya kutosha, na kuongeza nguvu za bega kunaiharibu zaidi. Ikitulia, rudi nyuma mita tano nyingine.

4. Badili kimo. Mwambie mwenzako asimame mbele yako, mikono ameitandaza. Ukitumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto ndio egemeo, haung'oki. Piga hatua pana kwa wa kulia, kunja magoti, achia fohendi karibu na nyasi, chini ya mkono wake. Kosa la kawaida ni kuinamisha mgongo badala ya kushusha nyonga. Hapo frisbi huchomoka kwenda juu. Halafu achia bekihendi juu ya bega lake, polepole, mzunguko mwingi.

5. Badili mwinamo. Frisbi hupinda kuelekea upande wa ukingo ulioshuka. Kwa fohendi ya mkono wa kulia, ukishusha ukingo wa nje, ule ulio mbali na mwili, pasi huanzia kushoto na kurudi kulia. Ukiuinua, inamzunguka mkabaji kwa nje kisha inaingia kushoto.

6. Soma upepo. Ukivuma usoni mwako, huinua frisbi na kukuza kila kosa la mwinamo: rusha chini, ukingo wa mbele ushuke kidogo. Ukitoka mgongoni, huikandamiza, basi uinue ukingo huo.

7. Danganya. Mkabaji akiwa ndani ya mita tatu anakuhesabia hadi kumi, ndio muda wako wa kurusha. Onyesha bekihendi kwa mwili mzima, macho yakiwemo, msubiri aegemee huko, kisha vuka kwa fohendi ya chini. Kuchezesha mkono tu hakumdanganyi mtu.

8. Sasa nyundo. Inafaa wapinzani wakilinda kwa kanda, yaani kila mmoja eneo lake badala ya mtu wake, na nyuma yao kukiwa na nafasi. Mkamato ni ule wa fohendi. Mwonye mwenzako mapema, maana kuidaka kunasumbua.

Kila zoezi, rusha ishirini za chini, ishirini za juu, kwa fohendi na bekihendi. Zikidondoka mbili mfululizo, sogea mita tano karibu.